Wanavyuoni wa Sambaza: Habari ya Elimu ya Samaki katika Ziwa Kivu

Katika mji wa Cyangugu na soko la Kamembe hapana chakula kinachojulikana kuliko sambaza. Tajiri humla na maskini humla; huliwa mbichi waliotolewa ziwani alfajiri, na huliwa wakavu waliokaushwa juani; na wanawake wengi wamesomesha watoto wao kwa faida ya beseni moja la samaki hao. Kwa sababu hiyo vijana wengi hudhani kwamba sambaza amekuwamo katika Ziwa Kivu tangu ziwa lilipoumbwa. Sivyo. Wazee waliozaliwa kabla ya mwaka wa 1958 walizaliwa kando ya ziwa lisilokuwa na sambaza hata mmoja. Samaki huyu ni mgeni, aliletwa kwa mkono wa mwanadamu, na habari ya kuja kwake, pamoja na habari ya wanavyuoni waliotumia miaka yao kumchunguza, ni sehemu ya historia ya mji huu. Yafaa iandikwe mahali ambapo watoto watapata kuisoma.

Waislamu wanajua kwamba habari haipokewi ovyo. Huulizwa kwanza: Nani ameisimulia, naye aliipokea kwa nani? Elimu ya samaki nayo ina silsila yake. Mmoja alipima maji, wa pili akahesabu vijidudu, wa tatu akaleta samaki, wa nne akaonya, wa tano akampinga wa nne. Na hatimaye wakatokea wana wa pwani ya ziwa hilihili wakaishika kazi wenyewe. Kama mmoja wao asingaliandika aliyoyaona, wa baada yake wangalikuwa kama watu wanaopapasa gizani.

ZIWA LILILOKUWA TUPU KATIKATI

Ziwa Kivu liko juu sana, mita 1,463 kutoka usawa wa bahari, na kina chake hufika mita 485. Hapo zamani za kale maji ya nchi hizi yalikuwa yakielekea kaskazini. Milima ya moto ya Virunga ikatapika, ikaziba njia, maji yakajaa nyuma ya ukuta huo, mwisho yakapata mlango wa kusini, hapa Cyangugu, yakateremka kwa mto Rusizi mpaka Ziwa Tanganyika. Kati ya maziwa hayo mawili mto hushuka karibu mita 700, tena katika magenge na maporomoko ambayo samaki wa Tanganyika hawawezi kuyapanda. Kwa hiyo, Ziwa Tanganyika lina aina za samaki zaidi ya 250, na Ziwa Kivu, jirani yake, halikufikisha aina 30. Wengi wao ni samaki wa ukingoni na wa mitoni, na miongoni mwao zimo aina 15 za furu ambao hawapatikani pengine popote duniani.

Mwanachuoni wa kwanza kulichunguza ziwa hili kwa vipimo alikuwa Hubert Damas, wa Chuo Kikuu cha Liège katika Ubelgiji, aliyefika mwaka wa 1935. Alishusha vyombo vyake vilindini na kukuta jambo lisilo la kawaida: maji ya chini yalikuwa na joto kuliko ya juu, hayakuwa na hewa ya kuvuta, tena yalijaa gesi. Mpaka leo yajulikana kwamba kupita mita 60 au 70 hivi hakuna samaki awezaye kuishi. Gesi ile ya methani, ambayo siku hizi hutolewa na kufanywa umeme, ilianza kujulikana kwa wanavyuoni kwa safari ile. Lakini kwa mvuvi maana yake ilikuwa nyingine: ziwa lote lina vilindi vikuu, na nyumba ya samaki ni ngozi nyembamba ya juu tu.

Baada ya Damas kikaja chama cha wachunguzi wa Kibelgiji waliozunguka maziwa ya Kivu, Edward na Albert tangu 1952 hadi 1954. Mmoja wao, Jean Verbeke, aliandika habari za viumbe wadogo waeleao majini, ambao wataalamu huwaita planktoni. Hao ni vijidudu ambavyo jicho huviona kwa taabu, navyo ndivyo malisho ya samaki wadogo. Wachunguzi hao waliona kwamba katikati ya Ziwa Kivu malisho yamo, lakini hakuna mlaji. Ni kama shamba la majani lisilokuwa na ng'ombe. Hapo ndipo lilipozuka shauri la kuleta ng'ombe kutoka Tanganyika.

MGENI ANALETWA

Aliyelitenda jambo hilo ni Bwana Collart, mtaalamu wa uvuvi wa wakati wa utawala wa Wabelgiji. Kati ya mwaka 1958 na 1960 vifaranga vya samaki 57,400 vilichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika, upande wa Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura, vikamwagwa katika Ziwa Kivu. Mwaka wa 1960 Bwana Collart akaandika taarifa ya kazi yake. Samaki aliyemtaka hasa ni yule ndagala mdogo wa Tanganyika aitwaye kwa jina la kitaalamu Stolothrissa. Lakini mwanadamu hupanga lake na Mungu hukadiria lake. Ndagala hakuishi. Aliyeishi ni mwenzake aliyechanganyika naye katika safari, Limnothrissa miodon, ambaye wavuvi wa Tanganyika humwita lumbu. Huyo ndiye sambaza.

Kisha miaka ikapita. Mwaka wa 1962 Rwanda ikapata uhuru, wataalamu wa kigeni wakaondoka, na kwa muda hapakuwa na mtu wa kuulizia habari za vifaranga vile. Kumbe huko katikati ya ziwa vilikuwa vikizaana. Katika miaka ya 1970 ikathibitika kwamba samaki yumo, tena ameenea. Mwaka wa 1979 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likaanzisha mradi mjini Gisenyi ili kuwafundisha wavuvi namna ya kumpata. Ndipo ilipoenea ile njia ya mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, ikiwa na taa usiku na wavu mkubwa unaoshushwa chini na kuinuliwa. Njia hiyo inatokana na tabia yenyewe ya sambaza: mchana huzama pamoja na wenzake katika kundi, usiku hupanda juu kufuata vijidudu, na aonapo mwanga huujia. Mwaka wa 1983 wachunguzi watatu, Spliethoff, de Iongh na Frank, walitangaza kwa maandishi kwamba kupandikizwa kwa samaki huyu kumefaulu.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa pwani ya Kivu waliyaona hayo kwa macho yao.

ONYO NA JIBU LAKE

Mwaka wa 1986 Profesa Henri Dumont, wa Chuo Kikuu cha Ghent, aliandika makala iliyowashtua wengi. Katika kichwa chake aliuliza kama sambaza wa Kivu si msiba mwingine kwa Afrika. Aliposema mwingine watu walimfahamu, kwa maana miaka hiyo hiyo katika Ziwa Viktoria sangara aliyeletwa na watu alikuwa akiwamaliza furu, aina kwa aina.

Hoja ya Dumont ilikuwa hii. Kabla ya sambaza kuletwa, Verbeke alikuta katika Kivu kijidudu kikubwa kiasi, aina ya dafnia, ambacho hula mimea midogo ya majini na kuyasafisha maji. Dumont alipotazama tena, dafnia huyo hayumo, na vijidudu vingine vimepungua sana. Sambaza amemla. Basi akabashiri kwamba ng'ombe akishamaliza majani atakufa njaa, na uvuvi huu wa furaha utaanguka.

Wasomaji waliangalie jambo moja hapa. Dumont hangeweza kusema neno hilo kama Verbeke asingalihesabu vijidudu vyake miaka 30 kabla. Wakati ule pengine wengine waliiona kazi ile kuwa ni ya upuuzi, mtu mzima kukaa na darubini akihesabu vitu visivyoliwa. Lakini hesabu ile ndiyo ikawa shahidi wa pekee wa hali ya ziwa kabla ya mgeni kuingia.

Jibu likaja mwaka wa 1991 kutoka Afrika yenyewe. Brian Marshall, wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe, alikuwa amemjua samaki huyuhuyu katika ziwa la Kariba, ambako aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1967 na 1968, na huko huitwa kapenta. Marshall alikubali kwamba vijidudu vimebadilika, lakini alikataa kwamba lazima samaki aangamie. Sambaza, alieleza, ni samaki anayejua kujirekebisha: malisho yakiwa haba, hukua kwa kiasi kidogo, huzaa mapema, hula wadudu, na wakubwa hula hata wadogo wao.

Nani kati ya hao wawili alikuwa na haki? Jambo hili halikuwa la kuamuliwa kwa ukubwa wa jina la mtu. Lilihitaji mtu wa kukaa kando ya ziwa, mwezi baada ya mwezi, na kipimo mkononi.

MWANA WA PWANI ANASHIKA KIPIMO

Mtu huyo alipatikana ng'ambo ya mto tu. Katika mji wa Bukavu, ambao mtu wa Cyangugu huuona kila aamkapo, kuna Chuo cha Juu cha Ualimu, na ndani yake kitengo cha mafundisho na uchunguzi wa viumbe vya majini. Hapo alifanya kazi Boniface Kaningini Mwenyimali. Uwanja aliouchagua kwa elimu yake ni ile sehemu ya kusini ya ziwa iitwayo ghuba ya Bukavu, ambayo ndiyo hiyo inayogusa ukingo wa Cyangugu. Mwaka wa 1995 aliipeleka tasnifu yake mbele ya wanavyuoni wa Namur, katika Ubelgiji, akapata udaktari. Maudhui yake yalikuwa mambo matatu: kukua kwa sambaza, kuzaa kwake, na kuvuliwa kwake.

Yafaa watu wajue kazi ya namna hiyo ni kazi gani, maana wengine hudhani udaktari hupatikana kwa kukaa kitini. Mchunguzi huenda kwa wavuvi wanaporudi alfajiri. Huchukua samaki kutoka katika kila pato, akawapima mmoja mmoja kwa rula tangu mdomo hata mkia, akawatia katika mizani. Huwapasua matumbo atazame mayai: je, yamekomaa, au bado? Hufanya hivyo mwezi huu, na mwezi ujao, na ule unaofuata, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, mpaka daftari likajaa maelfu ya hesabu. Kisha hukaa chini akalinganisha, na hapo samaki ambaye hana ulimi humsimulia umri wake, msimu wake wa kuzaa, na kiasi anachoweza kutoa bila kumalizika. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena izingatiwe miaka ya kazi hiyo. Mwaka wa 1994 Rwanda iliingia katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mashua za upande huu zilikaa bila wenyewe, na maelfu kwa maelfu ya watu wakavuka Rusizi. Mwaka wa 1996 vita vikaingia Bukavu yenyewe. Katika nyakati kama hizo vitabu huchomwa na vipimo huibwa, na mtu mwenye elimu hushawishika kutafuta nchi nyingine. Pamoja na hayo kazi ya Bukavu haikukatika. Mwaka wa 1999 Daktari Kaningini, pamoja na Profesa Jean-Claude Micha wa Namur na wenzao, walitoa taarifa ya mradi wa kumvua sambaza kwa nyavu za kutegwa, zile ambazo samaki hunasa kwa mashavu. Maana ya mradi huo haikuwa ndogo. Mitumbwi mitatu, taa na wavu mkubwa huhitaji mtaji na watu wengi. Wavu wa kutegwa huweza kumilikiwa na mtu mmoja mnyonge mwenye mtumbwi wake.

Alama ya mwanachuoni wa kweli ni kuacha nyuma yake watu wa kuishika kazi. Katika chuo hicho hicho Pascal Isumbisho Mwapu alichukua mlango wa vijidudu, ule ule wa Verbeke, na mwaka wa 2006 yeye na wenzake, Daktari Kaningini akiwamo, wakatangaza hali ya planktoni ya Kivu nusu karne baada ya sambaza kuingia. Walikuta kwamba vijidudu ni vichache, vingi ni vya aina ndogo, na yule dafnia mkubwa wa zamani hakurudi. Katika jambo hili Dumont alikuwa amesema kweli.

Baada ya hapo Mulungula Pascal Masilya alilinganisha chakula cha sambaza na cha mgeni wa pili, Lamprichthys tanganicanus, samaki mwingine wa Tanganyika aliyeanza kuonekana katika Kivu mwaka wa 2006. Tasnifu yake ilikamilika huko Namur mwaka 2011. Yeye na wachunguzi wa Ulaya walishiriki pia katika kulipima ziwa kwa chombo kipelekacho sauti majini na kusikiliza mwangwi wake urudipo kutoka katika kundi la samaki. Vipimo vya mwaka 2008, vilivyochapishwa 2012, vilionyesha kwamba wingi wa sambaza haukutofautiana sana na ule uliopimwa miaka 20 hivi kabla. Uvuvi haukuanguka. Katika jambo hili Marshall alikuwa amesema kweli.

Mwaka huo wa 2012 kilitoka kitabu kikubwa juu ya Ziwa Kivu, na mlango wa samaki umeandikwa kwa pamoja na Jos Snoeks wa Ubelgiji, aliyewapanga upya furu wa Kivu, na Kaningini na Masilya wa Bukavu, na Laetitia Nyina-wamwiza wa Rwanda, na Guillard wa Ufaransa. Silsila iliyoanza na mgeni mmoja na chupa zake mwaka 1935 sasa ina majina ya watu wa pande zote mbili za mto.

YALE YANAYOWAHUSU WATU WA RUSIZI

Ziko faida tatu katika historia hii.

Ya kwanza ni kwamba wanavyuoni wawili walibishana, kila mmoja akawa na sehemu ya haki, na waliopambanua ni wale waliopima. Hawakumtukana Dumont kwa kuwa uvuvi haukufa, wala hawakumkejeli Marshall kwa kuwa dafnia ametoweka. Adabu hiyo ya elimu inafaa kuigwa hata katika mabishano ya msikitini na ya sokoni.

Ya pili ni kuhusu riziki yenyewe. Sambaza huzaa karibu na ukingo, na vifaranga vyake hukaa hapo mpaka vipate nguvu za kuingia kilindini. Mtu akokotaye chandarua cha mbu ukingoni havui samaki. Anavua samaki wa mwaka ujao. Katika miaka ya karibuni Rwanda imekuwa ikiufunga uvuvi wa Kivu kwa miezi miwili kila mwaka, kati ya Agosti na Oktoba, na kila mara manung'uniko husikika, maana tumbo la mtoto halifungwi kwa amri. Ni haki kuwasikitikia wavuvi katika miezi hiyo, na ni wajibu wa jumuiya kuwasaidia walio dhaifu. Lakini isidhaniwe kwamba kufunga huko ni ukali wa wakubwa tu. Nyuma yake mna elimu iliyokusanywa kwa kupasua matumbo ya samaki, mwezi kwa mwezi, na kutazama mayai. Na sambaza hajui mpaka: akiachwa upande huu na kuvuliwa akiwa mchanga upande wa pili, hasara ni ya wote.

Ya tatu ndiyo nzito. Zama za Wabelgiji shule nyingi za Rwanda zilikuwa mikononi mwa misheni, na watoto wengi wa Kiislamu walibaki na chuo cha Kurani peke yake. Baba zao wakaingia katika biashara, udereva na uvuvi. Hapana aibu katika kazi hizo. Wavuvi wale walilijua ziwa kuliko Damas: walijua upepo, walijua mwezi, walijua mahali samaki alalapo. Lakini elimu yao ilikaa kifuani, na mzee alipokufa ilizikwa pamoja naye. Damas alikaa miezi michache, lakini aliandika, na kwa sababu hiyo husomwa mpaka leo.

Siku hizi milango ya shule i wazi kwa mtoto wa mvuvi wa Nkombo kama kwa mtoto wa mfanyabiashara wa Kamembe. Mtoto anayeweza kuhifadhi juzuu kwa moyo hashindwi na majina ya samaki, na subira ya kukaa mbele ya mwalimu wa Kurani ni subira ile ile ya kukaa mbele ya mizani na darubini. Na wale ambao umri wa shule umewapita, wanaweza kuanza na daftari: kila chama cha wavuvi kiandike pato la kila usiku, tarehe yake, hali ya mwezi, na ukubwa wa samaki. Ni kazi ya robo saa. Atakayekuja kulichunguza ziwa hili baada ya miaka 30 atalitafuta daftari hilo kama Dumont alivyozitafuta hesabu za Verbeke, na huenda mchunguzi huyo akawa ni mtoto ambaye leo anakaanga sambaza pamoja na mama yake katika soko la Kamembe.

Mwenyezi Mungu awalinde wavuvi usiku wakiwa majini, alibariki ziwa hili kwa wenyeji wake na wageni wake, na awape watoto wa mji huu elimu yenye manufaa. Amin.